Mfupa Uliotoboa Ngozi Hausubiri

Mgonjwa aliyewekewa chuma mguuni akianza kutoa usaha, lawama ya kwanza huangukia chumba cha upasuaji. Wakati mwingine ni haki. Lakini mara nyingi hatari ilianzia barabarani, mfupa ulipotoboa ngozi na kukutana na vumbi, oili na vipande vya nguo.

Madaktari hupima majeraha hayo kwa madaraja ya Gustilo na Anderson, yaliyochapishwa mwaka 1976. Daraja la kwanza ni kidonda safi kisichofika sentimita 1. La tatu, nyama imechanika vibaya, pengine hata mshipa mkubwa wa damu umekatika. Nyama iliyokosa damu haifikiwi na kinga ya mwili wala dawa. Ndiyo maana muundi husumbua sana: mbele yake kuna ngozi tu, bila nyama ya kuuletea damu.

Chuma nacho huwapa bakteria makazi. Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye ngozi za watu wengi, hukishika na kujifunika utando ambao antibiotiki huupenya kwa shida. Kwa hiyo usaha unaweza kujitokeza miezi kadhaa baada ya kidonda kufunga, na vidonge peke yake visimalize tatizo. Mara nyingi mgonjwa hurudi kusafishwa kwa upasuaji.

Mwili wa mgonjwa una sehemu yake. Sukari isiyodhibitiwa hudhoofisha kinga, na sigara hubana mishipa midogo inayolisha kidonda.

Habari njema ni kwamba kinga bora si lazima iwe ghali. Antibiotiki ya sindano ianze mapema, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, bila kungoja zamu ya upasuaji. Nyama iliyokufa ikatwe yote. Kuhusu kuosha, utafiti wa kimataifa wa mwaka 2015 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 2,400 ulionyesha kwamba waliooshwa kwa sabuni walirudi kupasuliwa kwa asilimia 14.8, na wa maji ya chumvi asilimia 11.6. Nguvu ya kusukuma maji ya kuoshea haikuleta tofauti.

Basi ukimkuta majeruhi wa bodaboda, usiurudishe mfupa ndani wala kupaka chochote. Funika kwa kitambaa safi, funga mguu usichezecheze, mkimbize hospitali. Akifika, uliza mapema: amechomwa antibiotiki na sindano ya pepopunda?