Bwawa Nalo Lahitaji Lindo

Wakazi wa kisiwa cha Chisenga, katika Wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, hawana haja ya kujenga bwawa. Mto Luapula unaingia Ziwa Mweru karibu nao, na ziwa hilo, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,000, huwapa samaki na njia ya mitumbwi. Hata hivyo neema hiyo haikuachwa bila ulinzi. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, sheria ya Zambia hupiga marufuku uvuvi ziwani humo ili samaki wapate kuzaliana. Ikiwa ziwa kubwa ambalo halikujengwa na mtu lahitaji sheria na doria, sembuse bwawa dogo lililojengwa kwa mikono ya binadamu?

Jibu la swali hilo linaonekana wazi katika mji wa Nairobi, ambao haukujaliwa ziwa. Mnamo mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilijenga tuta kuuzuia mto Motoine, unaotokea upande wa Dagoretti. Nia ilikuwa kuweka akiba ya maji kwa ajili ya mji siku ya dharura. Hivyo lilizaliwa Bwawa la Nairobi, lenye ukubwa wa ekari zipatazo 88. Punde si punde bwawa likapata kazi ya pili: likawa mahali pa mapumziko. Mashua za tanga zilishindana humo, wavuvi walitupa ndoano, na jamaa walikuja kupunga upepo siku za mwisho wa juma.

Upande wa kaskazini wa bwawa hilo uko mtaa wa Kibera, ambao historia yake yawahusu sana askari. Mtaa huo ulianzishwa na askari wa Kinubi kutoka Sudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles, na mnamo mwaka 1918 eneo hilo lilitengwa rasmi kuwa ardhi ya kijeshi. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 watu wengi walimiminika humo kutafuta kazi mjini. Nyumba ziliongezeka, vyoo, mifereji na huduma ya kuzoa taka havikuongezeka kwa kadiri hiyo.

Matokeo yake yaeleweka kwa urahisi. Maji ya mto yanapofika bwawani hupunguza mwendo, na kila yalichobeba hutua chini. Udongo uliomomonyoka hujaza kina, nao uchafu wa vyoo na mabaki ya chakula huwa mbolea majini. Mbolea hiyo huyaneemesha magugu maji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, ambao huzaana upesi na kutandaza zulia juu ya maji. Chini ya zulia hilo mwanga haupiti na hewa hupungua, samaki hufa, na mbu hupata maskani. Majani yakifa huzama na kuongeza tope. Katika miaka ya 1990 magugu hayo yalilifunika Bwawa la Nairobi, mashua zikakosa njia, na baadaye watu wakalima mazao mahali palipokuwa maji.

Wako wanaodhani kwamba hasara hapa ni ya mchezo tu, yaani anasa ya wenye mashua. Dhana hiyo si sahihi. Bwawa lililojaa tope halina tena nafasi ya kupokea mafuriko, na njia ya kutolea maji ya ziada ikizibwa na taka, maji hutafuta njia yao wenyewe, ama juu ya tuta ama katikati ya nyumba za watu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa, tuta la bwawa la Patel huko Solai, katika Kaunti ya Nakuru, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40 waliokuwa majumbani mwao. Hilo nalo halikuwa bwawa kubwa la kuzalisha umeme. Lilikuwa bwawa la shamba.

Msiba wa namna hiyo unapotokea, wanaoitwa kwanza ni polisi na wanajeshi. Wao ndio huvuka tope usiku kuwatafuta walio hai na kuwabeba waliokufa. Kwa hiyo ukaguzi wa tuta, ufyekaji wa miti inayoota juu yake, usafishaji wa njia ya maji na uondoaji wa tope si mambo ya wahandisi peke yao. Ni sehemu ya usalama wa raia, na afadhali yafanywe mchana wa kiangazi kuliko usiku wa masika.

Lakini ulinzi wa bwawa haumaanishi kumwinda maskini. Kuchota tope na kung'oa magugu bila kuzuia uchafu unaotoka juu ni sawa na kudeki sakafu huku paa linavuja. Kadhalika, kumkamata mtu kwa kuchafua mto hali hakujengewa choo hakutausafisha mto huo. Sheria hupata nguvu pale huduma inapotangulia: vyoo kwanza, mifereji kwanza, mahali pa kutupia taka kwanza, kisha doria.

Askari yeyote ajua kwamba lango la kambi halilindwi siku ya kufunguliwa tu. Zamu hupokezana, usiku na mchana, hata pasipoonekana adui. Waliojenga Bwawa la Nairobi walijenga tuta imara, lakini zamu za kulilinda hazikupangwa ipasavyo. Kila wilaya yenye bwawa dogo, na kila kambi yenye lambo lake, yafaa ijiulize leo: zamu ya nani?