Kutumia Programu za Windows katika Kompyuta Kuukuu ya Linux

Mwalimu apangiwaye shule ya milimani, iwe Mbaga, Suji au Vudee, huenda akakuta kabatini kompyuta mpakato ya zamani isiyoweza kubeba Windows mpya. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hukataa mashine nyingi za miaka ya nyuma. Mashine ya namna hiyo, ikiwekewa Linux iliyo nyepesi, huweza kufanya kazi tena. Lakini hubaki tatizo: michezo ya hesabu na programu za kusoma zilizo kwenye CD za shule ziliandikwa kwa ajili ya Windows. Je, zitupwe? La, hasha. Ipo programu iitwayo Wine.

Wine ni nini?

Wine ilianza kuandikwa mwaka 1993, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2008. Haiuzwi. Ili tuielewe, tumfikirie mtoto aingiaye darasa la kwanza akijua Chasu peke yake. Mwalimu asiyejua Chasu hamgeuzi mtoto huyo kuwa mtu mwingine, bali humtafutia mkalimani. Vivyo hivyo, programu ya Windows hutoa maagizo kwa lugha yake: fungua faili, chora dirisha, toa sauti. Wine huyapokea na kuyafikisha kwa lugha ambayo Linux huifahamu. Haiundi kompyuta nyingine ndani ya kompyuta. Ndiyo sababu hata mashine dhaifu huimudu.

Hatua za kufuata

1. Nakili kwanza faili zote za shule kwenye diski ya nje. Kuweka Linux kwaweza kufuta kila kitu, na alama za wanafunzi zikipotea hazirudi.

2. Weka Linux, kisha Wine kutoka ghala la programu la Linux yenyewe. Kazi hii ifanywe mahali penye mtandao mzuri, kabla ya kupanda mlimani. Kwa kuwa programu nyingi za zamani ni za biti 32, hakikisha sehemu ya biti 32 ya Wine imewekwa pia.

3. Fungua kwa Wine faili ya programu yenye mwisho wa .exe. Wine itaunda folda iitwayo drive_c, ambayo programu huiona kama diski C ya Windows.

4. Programu ikigoma, fungua winecfg, uchague Windows ya zamani, kwa mfano XP, kisha ujaribu tena.

Mipaka yake

Si kila programu itakubali. Michezo mipya yenye picha nzito hutumia Proton, iliyotolewa na Valve mwaka 2018 juu ya msingi wa Wine. Hiyo hutegemea Vulkan, ambayo kompyuta nyingi kuukuu hazina. Tena, mkalimani hachagui maneno: baadhi ya virusi vya Windows huweza kupita kwake na kufikia faili za mwalimu. Basi tusifungue programu tusiyojua ilikotoka.

Wine na somo letu

Kabla ya kuhangaika na Wine, hapana budi tujiulize: je, lengo la somo linaihitaji programu hiyo? GCompris, yenye michezo ya kuhesabu na kusoma, huendeshwa na Linux bila mkalimani. LibreOffice huandika barua na kupanga alama. Kiswahili nacho si kigeni huko: Jambo OpenOffice, iliyotokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka mwaka 2004.

Programu ikionekana kufaa, tuijaribu siku moja kabla ya kipindi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa mashine ileile. Tuwagawe wanafunzi katika vikundi, kila kikundi kipate zamu, na wanaosubiri wapewe kazi ya daftari. Aidha, tuandae zoezi la ubaoni juu ya jambo walijualo, kama bei ya tangawizi ya Mamba Miamba, ili umeme ukikatika somo lisikatike.

Zoezi kwa wanachuo: Chagua mada moja ya Hisabati ya darasa la tatu. Eleza ni sehemu ipi ya somo ingefundishwa vizuri zaidi kwa mchezo wa kompyuta, na ipi kwa vijiti na mawe, ukitoa sababu.