Maji ya moto yasiyochemshwa

Basi la Lindi linaposimama Kibiti, wachuuzi huinua chupa za maji hadi dirishani. "Ya baridi au ya moto?" Hakuna jiko hapo. Maji "ya moto" ni yale ambayo hayajaingia kwenye friji wala kwenye deli la barafu. Yakiwa na nyuzijoto 28 hayafikii hata joto la mwili wa mnywaji, lakini kwa lugha ya dukani yataitwa ya moto.

Kupoa ni habari nyingine. Kitu hakipoi kama hakikuwa cha moto, ndiyo maana hakuna asemaye barafu imepoa. Chai ikipoa mtu hununa. Uji wa mtoto ukipoa, mama hushukuru. Vijana nao wakaligeuza neno hilo kuwa jibu la "mambo?", kama Waingereza walivyolifanya cool lao kuwa sifa.

Maji ya mtungini hayaishii kupoa, huzizima. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo mno. Maji hupenya humo, hufika nje na kukauka, na kila yanapokauka huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi mzuri hutoka jasho.

Huko deltani, upande wa pwani wa Kibiti, kati ya mikoko, ubaridi ni mali. Kamba hupangwa kwenye deli kwa tabaka, barafu iliyopondwa juu na chini. Barafu ikianza kuyeyuka, maji yake hubaki karibu na nyuzi 0 maadamu mabonge bado yapo. Mabonge yakiisha, joto hupanda na kamba huanza kulegea. Basi mnunuzi mjanja huchungulia barafu kabla ya kuuliza bei.

Baridi na burudani zina mzizi mmoja wa Kiarabu, jambo lisilomshangaza aliyewahi kutembea juani saa nane mchana. Lakini mzizi huohuo ndio uliotupa baridi yabisi, maradhi ya viungo, na hayo hayana burudani yoyote.

Kisha huja kipupwe, katikati ya mwaka, kusi likivuma. Alfajiri ya Julai joto la pwani hii hushuka hadi nyuzi 18 au 19, na abiria wa boti ya Mafia pale Nyamisati hujikunyata ndani ya makoti na kanga wakilalamika baridi kali. Mtu wa Makete, ambako sakitu huunguza majani ya viazi usiku, angekaa kando yao na shati la mikono mifupi.