Kinu cha Bradwell: mali ya nani, mzigo wa nani?

Mtaa wa Walthamstow, kaskazini mashariki mwa London, hauna mtambo wa nyuklia. Hata hivyo ankara ya umeme inayowafikia wakazi wake, wakiwemo wenye asili ya Afrika Mashariki, imebeba historia ndefu ya mitambo hiyo na wamiliki wake.

Hapo mwanzo mambo yalikuwa mepesi. Kuanzia mwaka 1901, Walthamstow ilipata umeme kutoka kituo kilichomilikiwa na halmashauri ya mji wenyewe. Aliyewasha taa alimjua mwenye umeme, na aliweza kumnyima kura.

Mwaka 1948 serikali ya chama cha Labour ilitaifisha sekta nzima ya umeme. Waziri Mkuu wa wakati huo, Clement Attlee, ndiye aliyekuja kuwa mbunge wa Walthamstow Magharibi mwaka 1950.

Walthamstow ilikuwa sehemu ya jimbo la Essex hadi mwaka 1965, na ni katika pwani ya jimbo hilo, kilomita 65 hivi kutoka mtaani hapo, ambako mamlaka ya umeme ya serikali ilianza kujenga mtambo wa Bradwell mwaka 1957. Vinu vyake viwili vilianza kutoa umeme mwaka 1962, miongoni mwa vya kwanza nchini Uingereza kujengwa kwa ajili ya biashara ya umeme.

Wanunuzi wakimbia

Serikali ya Margaret Thatcher ilipoamua kubinafsisha umeme, nyuklia iliigomea. Wawekezaji walipiga hesabu ya kubomoa mitambo na kutunza taka zenye mionzi kwa vizazi kadhaa, wakarudi nyuma. Mwaka 1989 mitambo yote ya nyuklia iliondolewa kwenye mnada.

Mwaka 1996 mitambo mipya zaidi ilikusanywa chini ya kampuni ya British Energy na kuuzwa. Mikuukuu, Bradwell ikiwemo, ilibaki mikononi mwa umma. Kwa maneno mengine, faida ilipata mnunuzi na deni likabaki kwa mlipa kodi. Hata hao wanunuzi hawakustarehe: mwaka 2002 British Energy ilikaribia kufilisika, ikaokolewa na serikali.

Bradwell ilizimwa mwezi Machi mwaka huohuo wa 2002, baada ya miaka 40. Tangu mwaka 2005 inamilikiwa na mamlaka ya serikali inayosimamia ubomoaji wa mitambo ya nyuklia. Mafuta ya nyuklia yaliyotumika yalihamishwa, na mwaka 2018 majengo yakafungwa na kuwekwa chini ya uangalizi. Kuyaondoa kabisa kutachukua miongo mingi zaidi, muda mrefu kuliko ule ambao mtambo ulizalisha umeme.

Nchini Kenya, ambako mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliupinga mpango wa kujengewa kinu, mjadala umekuwa zaidi juu ya usalama, bahari na uvuvi. Swali la nani atakayebomoa lina uzito uleule, na ni rahisi zaidi kuliuliza kabla ya ujenzi.

Paris, Beijing na London

Mwaka 2009 British Energy ilinunuliwa na EDF ya Ufaransa. Kampuni hiyo nayo ilirejeshwa mikononi mwa dola ya Ufaransa kikamilifu mwaka 2023, kwa hiyo mitambo iliyobinafsishwa na Uingereza leo kwa sehemu kubwa ni mali ya serikali, ila ni serikali ya nchi nyingine.

Kampuni ya dola ya China, CGN, ilipanga kujenga kinu kipya Bradwell. Mchoro wake uliidhinishwa mwaka 2022, lakini mtambo haujajengwa. Mwaka huohuo, China ilinunuliwa hisa zake na kuondolewa katika mradi mwingine wa Sizewell C, jimboni Suffolk.

Mradi huo wa pauni bilioni 38 ulipitishwa mwezi Julai mwaka 2025. Serikali ya Uingereza ilichukua asilimia 44.9 ya hisa, mfuko wa pensheni wa Quebec, Canada, asilimia 20, Centrica asilimia 15 na EDF asilimia 12.5. Wateja huanza kuchangia wakati ujenzi ukiendelea, kabla ya umeme wenyewe kutoka. Serikali ilikadiria kuwa ni wastani wa takriban pauni 1 kwa mwezi kwa kila nyumba, Walthamstow ikiwemo.