Mshika Mbili: Tarakilishi na Baiskeli

Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo nimeambiwa mara nyingi na wazee wa barazani hapa Mombasa, kwani mimi ni mtu wa mambo mawili. Riziki yangu naipata kwa kuunda tovuti katika tarakilishi, na mapenzi yangu ni kuendesha baiskeli, tena kwa ridhaa tu, bila malipo.

Kazi ya tovuti, kwa wasioijua, yafanana na ya fundi wa milango ya Kiamu. Lugha iitwayo HTML ndiyo ubao, CSS ndiyo nakshi, na JavaScript, aliyoibuni Mmarekani Brendan Eich mwaka 1995, ndiyo bawaba na kitasa. Kazi hii ilipata nguvu huku kwetu mwaka 2009, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofika Mombasa. Mmojawapo, uitwao TEAMS, ulitandazwa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Babu zetu walingoja pepo za msimu ili majahazi yaje na tende na kurudi na boriti. Mimi hupokea kazi ya ng'ambo kwa kufumba na kufumbua.

Lakini kazi hii ni ya kukaa. Saa nane, pengine kumi, mtu yuko kitini, shingo imekauka na macho yamewiva. Ndiyo maana mara mbili kwa wiki, baada ya swala ya alfajiri, huvuka daraja la Nyali, nikapita Bamburi na Shanzu hadi Mtwapa, kisha nikageuza. Wakati wa kaskazi, upepo hunipiga kifuani nikienda na kunisukuma nikirudi. Kusi likiingia, mambo hugeuka. Mwezi wa Ramadhani hutoka baada ya alasiri, mwendo wa pole, ili adhana ya magharibi inikute mkekani.

Msidhani saa hizo ni za bure. Nilikabidhiwa tovuti ya nyumba ya wageni ambayo mtu akiagiza chumba cha tarehe 10, daftari laandika tarehe 9. Siku mbili nilitafuta sababu. Nilipokuwa nikipanda kutoka darajani Mtwapa, nikakumbuka kwamba sisi tuko mbele ya saa za Greenwich kwa saa 3. Kwetu ikigonga saa sita za usiku, huko bado ni jana! Na mimi niliyelelewa nikijua kuwa tarehe ya Kiislamu huingia na magharibi, nilicheka peke yangu barabarani.

Wako walioniuliza kuhusu zile suruali za kubana za waendeshaji. Jibu langu ni fupi: baiskeli haijali vazi. Mimi huvaa suruali pana ivukayo magoti, na magurudumu yazunguka vile vile.

Swali zito zaidi lilitoka kwa mke wangu. Aliniambia, "Bwana, tarakilishi yakuchukua siku tano, baiskeli nayo yataka zilizobaki. Sisi watu wa nyumbani tuna siku gani?" Sikuwa na la kujibu ila kukumbuka vile Mtume (S.A.W.) alivyomnasihi Abdullah bin Amr, kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake, na mkewe pia. Basi tukagawana. Jumatano na Jumamosi asubuhi ni za baiskeli, Ijumaa nafunga kazi kabla ya swala, na Jumapili ni ya watoto. Mteja atakaye kazi siku hiyo humwambia angoje. Mmoja alikataa kungoja akaenda zake, na fedha zake nikazikosa. Riziki ni ya Mola.

Kwa vijana wenye kutamani mchezo huu, nawausia wasiudharau. Mwezi wa Agosti 2022 mwendeshaji wetu hodari, Suleiman Kangangi, alifariki baada ya kuanguka mashindanoni Vermont, Marekani. Naye alikuwa bingwa. Seuze sisi tunaopishana na matatu na malori? Vaeni kofia ngumu, wekeni taa, na mtoke mapema. Na kabla ya kutoka, waageni walio nyumbani.