Unataka kusomea forensiki? Chuoni si kama kwenye filamu

Aprili 2023, makaburi ya Shakahola, Kaunti ya Kilifi, yalianza kufukuliwa. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, mingi ikiwa imeharibika kiasi cha mzazi kushindwa kumtambua mwanawe. Familia zilitoa sampuli za DNA, zikasubiri. Miili ya kwanza ilikabidhiwa jamaa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye.

Hiyo ndiyo sura halisi ya forensiki, kozi ambayo vijana wengi huitamani baada ya kutazama tamthilia za Marekani ambako majibu ya DNA hutoka kabla ya tangazo la sabuni.

Chuoni, mwanzo ni kemia na biolojia kwa sana. Kama sekondari ulikuwa unakwepa maabara, fikiria mara mbili. Alama za vidole, sumu, risasi, hati za kughushi na data za simu huja baadaye.

Upande wa upelelezi unajifunza kufunga eneo la tukio, kupiga picha kabla ya kugusa chochote, kuhoji mashahidi na kuandika. Kuandika sana! Kila kielelezo kinapobadilisha mikono lazima ijulikane nani alikichukua, lini, na kilihifadhiwa wapi. Kisu chenye damu kikilala usiku mmoja tu kwenye droo bila rekodi, wakili wa mshtakiwa atauliza: mna uhakika ni kisu kile kile? Kesi inaweza kuanguka hapo hapo, hata kama maabara ilifanya kazi safi.

Na DNA haifungi watu tu. Uingereza, kesi ya kwanza ya mauaji kutumia kipimo hicho ilianza kwa kumwondolea lawama kijana aliyekuwa tayari amekiri. Muuaji halisi, Colin Pitchfork, alihukumiwa mwaka 1988.

Ajira je? Hapo ndipo wengi hukwama. Wapelelezi wa DCI ni polisi, kwa hiyo digrii peke yake haikufikishi huko; lazima kwanza uingie kwenye Huduma ya Taifa ya Polisi. Maabara za serikali ni chache. Benki na kampuni za bima nazo huhitaji watu wa kuchunguza ulaghai, ingawa kazi hiyo haina makoti meupe.

Kabla ya kulipa karo, uliza kama kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kisha omba uonyeshwe maabara yenyewe, si picha yake kwenye brosha.