Marekani, nchi ambako dawa hupigiwa kura

Makambako ndipo barabara kuu ya kwenda Zambia inapokutana na reli ya TAZARA, na hapohapo ndipo inapochepuka njia ya Njombe na Songea. Reli waliijenga Wachina, ikakabidhiwa mwaka 1976. Barabara ile Wamarekani nao waliichangia fedha. Mji uliozaliwa upya kwa mashindano ya wakubwa hauwezi kulaumiwa kwa kubishana juu yao. Madereva wa malori, wauza mbao, wanunuzi wa viazi na parachichi, wote wana la kusema kuhusu Washington. Tatizo la ubishi huo ni moja: Marekani hutajwa kama mtu mmoja. Amekasirika, ametoa, amenyima, amepiga. Nchi ile haiendeshwi hivyo, na sisi wa Njombe tuna sababu ya kuijua vizuri kuliko wengi. Utafiti wa VVU wa mwaka 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani kwetu wanaishi na virusi, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama za dawa zao, vipimo, na hata kampeni ya tohara ya wanaume iliyozunguka vijiji vya Wabena, imetoka katika hazina ya Wamarekani.

Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, bunge lake, mahakama zake na idara yake ya afya. Katika Seneti kila jimbo hupata viti viwili, liwe kubwa au dogo. Jimbo la Wyoming lina watu wasiofika laki sita, pungufu ya mkoa wa Njombe wenye karibu laki tisa, lakini kura zake mbili zinalingana na za California yenye watu zaidi ya milioni 39. Rais naye hachaguliwi kwa jumla ya kura za wananchi, bali kwa wajumbe 538 wanaogawanywa kwa majimbo. Ndiyo maana mwaka 2000 na tena mwaka 2016 aliyepata kura chache za wananchi ndiye aliyeingia Ikulu. Anayetaka kuelewa kwa nini msimamo wa nchi ile hugeuka ghafla aanzie hapo: maelfu machache ya wapigakura katika majimbo mawili matatu huweza kubadili mambo ya dunia nzima.

Afya yao pia imegawanyika hivyohivyo. Kituo cha kudhibiti magonjwa kilichopo Atlanta kilianzishwa mwaka 1946 kupambana na malaria katika majimbo ya kusini, na kufikia mwaka 1951 malaria ilikuwa imetokomezwa. Lakini bima ya wote hawajawahi kuwa nayo. Wazee na maskini waliwekewa mipango yao mwaka 1965, Obama akapanua wigo mwaka 2010, na bado watu zaidi ya milioni 25 hawana bima. Wakati wa UVIKO-19 magavana walivutana na Washington kuhusu barakoa na chanjo, na nchi hiyo tajiri ikazika watu zaidi ya milioni moja. Taifa linalobishana namna hiyo juu ya afya ya raia wake litabishana zaidi juu ya afya ya mgeni.

Tarehe 28 Januari 2003 Rais George W. Bush alilihutubia Kongresi, yaani Bunge lao. Katika hotuba hiyo moja aliomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano za kupambana na UKIMWI, hasa Afrika, na katika hotuba hiyohiyo akajenga hoja ya kuivamia Iraki. Vita vilianza Machi. Sheria ya mpango wa UKIMWI, PEPFAR, aliitia saini Mei. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kufaidika. Mtu wa Baghdad na mtu wa Njombe wana kumbukumbu mbili tofauti za kiongozi mmoja, na wote wawili wanasema kweli.

Afrika Mashariki tulikwisha kuonja pande zote mbili kabla ya hapo. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi. Kwetu walikufa watu 11, Kenya zaidi ya 200. Siku 13 baadaye Rais Clinton alirusha makombora Afghanistan na Sudan, na lililopigwa Khartoum lilikuwa jengo la Al-Shifa, kiwanda cha dawa. Washington ilidai kiwanda kilihusika na kemikali za silaha. Ushahidi wake ulitiliwa shaka hata na Wamarekani wenyewe. Kilichokuwa wazi ni kwamba Wasudani walipoteza kiwanda kilichowatengenezea dawa za malaria. Uamuzi ule haukupigiwa kura.

Hapo ndipo penye kiini, na ndipo ninapotamani ubishi wetu ufike. Katiba yao inalipa Kongresi mamlaka ya kutangaza vita, lakini mara ya mwisho kufanya hivyo ilikuwa mwaka 1942. Sheria ya mwaka 1973 inamtaka rais alitaarifu Bunge ndani ya saa 48 baada ya kuingiza majeshi vitani, na kwa vitendo ndege huondoka kwanza. Juni 2025 vituo vya nyuklia vya Iran vilipigwa bila kura yoyote. Fedha za dawa, kinyume chake, lazima zipitishwe tena kila mwaka. Nazo si nyingi: kila kilichotumika kwa PEPFAR tangu mwaka 2003 hakifikii bajeti ya miezi miwili ya jeshi lao. Kuanza kuua ni rahisi kuliko kuendelea kutibu, na hilo ni kosa la muundo, si la chama kimoja.

Januari 2025 tuliona pia kwamba dawa inaweza kusimamishwa bila kura. Rais Trump aligandisha misaada ya nje siku ileile aliyoapishwa, na kwenye kliniki za tiba na matunzo watu wakaanza kuuliza kama watapewa dawa mwezi ujao. Julai shirika la USAID lilifungwa. Mwezi huohuo, serikali ilipotaka kufuta fedha zilizokwisha kupitishwa, maseneta wa chama chake chenyewe waliokoa dola milioni 400 za PEPFAR. Huyo Marekani mmoja tunayemzungumzia vijiweni yuko wapi hapo?

Dodoma nako bajeti ya 2025/26 iliweka tozo, ikiwemo ya mafuta na vileo, kuchangia Mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Lori linalojaza mafuta Makambako sasa linalipia sehemu ya vidonge vya Njombe. Mapato hayo yanastahili kuulizwa kwa sauti ileile tunayoulizia mambo ya Trump: yamekusanywa kiasi gani, na yamefika kliniki ipi.